Kabila Si Dhahabu

Bumu bado halijaingia, madesa yamerundikana kitandani na mitihani inanyemelea, lakini kuna kitu kimenikaba kooni wiki nzima. Nisipokitema leo sitasoma. Chenyewe ni neno moja tu: ASILI.

Mnajua sisi wa ualimu tunajiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Kila mmoja anaandaa somo, analifundisha mbele ya wenzake, wenzake wanakosoa. Alhamisi ilikuwa zamu ya jamaa mmoja, mada yake makabila ya Tanzania. Akachora jedwali ubaoni: kushoto jina la kabila, kulia "sifa za asili". Hawa wafanyabiashara kwa asili. Wale wapiganaji kwa asili. Alipofika kwa Wanyamwezi akaandika: wabeba mizigo kwa asili. Watu wakapiga makofi, maana andalio limepangwa vizuri na maandishi yanasomeka hadi nyuma. Nikauliza hiyo asili ameipata wapi. Jibu nikaja kulipata baadaye pale kwenye vimbweta, eti nimenuna kwa sababu mimi ni mtu wa Kigwa.

Jamani, kununa kwangu au kucheka kwangu si hoja. Hoja ni kwamba lile jedwali ni kosa la kisayansi, sawasawa na kumfundisha mtoto kuwa popo ni ndege. Tumezoea kuambiwa ukabila ni mbaya, tunaitikia kama kwaya, halafu tunaingia darasani kufundisha kwamba makabila ni vitu vya asili vyenye tabia zake za kuzaliwa. Ukishakubali hilo la pili, lile la kwanza linabaki kuwa adabu tu. Na adabu, wote tunajua, huisha mtu akikasirika.

Sasa twende taratibu, maana hapa kuna falsafa ya sayansi na wengi tuliisoma ili tusipate sapu, basi.

Swali ni la zamani sana: tunapogawa vitu vya dunia katika mafungu, mafungu hayo tumeyakuta au tumeyatengeneza wenyewe? Fungu ambalo lingekuwepo hata kama binadamu asingekuwepo kulipa jina, wanafalsafa wanaliita aina asilia. Plato, katika kitabu chake cha Phaedrus, alilifananisha jambo hili na uchinjaji. Mchinjaji anayejua kazi anapitisha kisu kwenye viungo. Asiyejua anavunjavunja mifupa. Kila aliyewahi kushika mguu wa mbuzi wakati wa sikukuu anaelewa hapo bila kwenda lekcha.

Ila siyo kila fungu lina viungo. Angalieni ngeli zetu. Mti, mkate, moyo, mwaka, mto, vyote viko ngeli moja. Yupo mwalimu wa Kiswahili atakayesema mkate na mti ni ndugu wa damu? Hayupo. Fungu lile ni la lugha na kazi yake ni kupatanisha sentensi. Lina manufaa makubwa, lakini ukilipeleka kwa mtu wa biolojia atakucheka.

John Locke aliliona hili mwaka 1690. Alisema majina tunayovipa vitu yanafuata picha tuliyonayo kichwani, na kiini chenyewe cha kitu kinaweza kuwa kingine kabisa tusichokiona. Kwa hiyo usikimbilie kusema jina lipo basi na kiini kipo. Onyo zuri sana. Waliolisikia ni wachache.

Ambaye hakulisikia vizuri ni Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyetupa utaratibu wa majina ya Kilatini ya mimea na wanyama. Kazi yake kwa mimea tunaitumia hadi leo na namheshimu. Lakini katika toleo la kumi la kitabu chake, mwaka 1758, alimgawa na binadamu pia, mafungu manne, na kila fungu akalibandika tabia. Mzungu anaongozwa na sheria. Mwafrika anaongozwa na matakwa ya ghafla. Umeona? Jina kushoto, tabia kulia. Jedwali la Alhamisi lina babu yake, na babu huyo hakuzaliwa Tabora.

Halafu akaja John Stuart Mill mwaka 1843 na kitabu chake cha mantiki. Huyu ndiye aliyelinoa swali vizuri. Alisema chukua vitu vyote vyeupe: maziwa, pamba, chokaa. Vinafanana nini zaidi ya weupe? Hakuna. Sasa chukua fosforasi, au chukua farasi. Kila ukimchunguza farasi mmoja unajifunza jambo jipya linalowahusu farasi wote, na uchunguzi huo hauna mwisho. Fungu la namna hiyo ndilo Aina ya kweli, na mwaka 1866 John Venn akaliita kwa jina lililokuja kushika, yaani aina asilia. Na Mill, bila kuzunguka, akauliza: je, mbari za watu nazo ni Aina? Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alitoa kipimo. Kama tofauti kati ya watu zinaweza kuelezwa kwa sababu chache zinazojulikana, kama vile hali ya hewa na mazoea, basi hizo si Aina. Kama haziwezi kuelezwa hivyo, basi ni Aina. Kazi ya kupima akawaachia wataalamu wa mwili.

Shikeni kipimo hicho, tutakisafirisha nacho hadi Kigwa.

Lakini kwanza tuone aina asilia halisi inafananaje, tusije tukasema tunapinga kila kitu. Dhahabu. Saul Kripke kwenye mihadhara yake ya mwaka 1970, na Hilary Putnam kwenye makala yake ya 1975, walisema jina kama "dhahabu" au "maji" linakishika kitu chenyewe, hata kabla hatujajua kiini chake. Babu zetu walijua dhahabu bila kujua protoni. Leo tunajua: protoni 79. Dhahabu ya Nzega, ya Geita, ya Ghana, hata iliyoko kwenye nyota, zote 79. Bunge haliwezi kupitisha sheria iwe 80. Ukiiita shaba, inabaki 79.

Mfano wa pili ni mgumu kidogo: mgunga. Sisi tunaita mgunga, wataalamu wa mimea kwa muda mrefu waliita Acacia, jenasi kubwa yenye spishi zaidi ya 1,300, nyingi kati ya hizo ziko Australia. Vinasaba vilipochunguzwa ikaonekana kwamba huo haukuwa ukoo mmoja, zilikuwa koo kadhaa zimefungwa kwenye gunia moja. Hapo kisu kilipita kwenye kiungo, hakuna aliyeamua. Lakini sasa, gunia likifunguliwa, nani abaki na jina la Acacia? Hapo ndipo watu walipoamua, tena kwa kura! Kwenye Kongamano la Kimataifa la Mimea huko Vienna mwaka 2005, waliopinga jina kupelekwa kwa miti ya Australia walikuwa karibu asilimia 55. Kanuni ilitaka asilimia 60 ili kuliangusha pendekezo. Wengi wakashindwa, jina likaenda Australia, na kongamano la Melbourne la mwaka 2011 likalithibitisha. Migunga yetu ya Afrika ikaitwa Vachellia na Senegalia.

Kwa hiyo hata ndani ya sayansi safi kabisa kuna sehemu iliyokutwa na sehemu iliyotengenezwa, na mtu makini anazitenganisha. Na mgunga wenyewe je? Haukusikia chochote. Uliendelea kutoa miba yake na mbuzi wakaendelea kuparamia matawi. Hilo likae kichwani: MTI HAUSIKII JINA LAKE.

Mtu anasikia.

Sasa twende kwetu. Kigwa leo ni kata ya Wilaya ya Uyui, mashariki ya Tabora mjini. Karne ya 19 ilikuwa juu ya njia kuu ya misafara iliyotoka pwani. Ukishavuka Ugogo unapita Tura, Rubuga, Kigwa, halafu unaingia Unyanyembe. Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo na kufika Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waiache pwani. Henry Stanley alipopita mwaka 1871 aliikuta Kigwa imeharibiwa kwa vita kama alivyoikuta Rubuga. Kwa hiyo tusiongelee mahali pa kufikirika. Ni mahali palipoandikwa vitabuni kabla hata reli haijaota.

Mtu wa Kigwa wa wakati huo, ukimuuliza kwao wapi, angejitaja kwa utemi wake. Mwenzake angesema yeye wa Unyanyembe, mwingine wa Uyowa, mwingine wa Ugunda. Jina "Wanyamwezi" lilitoka nje, kwa watu wa pwani, na maelezo yanayorudiwa zaidi ni kwamba lilimaanisha watu wa upande wa mwezi, yaani magharibi unakoandama. Lilikuwa jina la upande! Na si hilo tu. Muulizeni bibi yeyote wa kwetu. Sukuma ni kaskazini. Dakama ni kusini. Kiya ni mashariki. Ng'weli ni magharibi. Msukuma ni mtu wa kaskazini. Kaskazini ya nani? Ya aliyekuwa anaongea. Aliyeko kusini kwako anakuita Msukuma, na wewe unamwita Mdakama. Sasa niambieni, "kushoto" inaweza kuwa na sifa za asili? "Mtu wa kushoto ni mpole, mtu wa kulia ni mbishi." Mtu akifundisha hivyo tutampeleka hospitali, ila akifundisha lile lile kwa majina ya makabila tunampigia makofi.

Tuje kwenye mizigo, maana ndiyo iliyoniwasha.

Ni kweli kabisa, watu wa huku walikuwa wapagazi hodari na walijulikana hadi Zanzibar. Sikatai, najivunia. Lakini walikuwaje hivyo? Burton mwenyewe, ambaye hakuwa na huruma na Mwafrika, aliandika kwamba vijana walizoezwa tangu wadogo kwa kubebeshwa pembe ndogo za ndovu, na kwamba kufika pwani ilikuwa ndiyo alama ya uanaume. Misafara ya kwetu ilipangwa ifuate kiangazi ili watu wawahi kurudi kulima. Kulikuwa na kirangozi wa kuongoza, kulikuwa na ujira wa kubishania, na mizigo ikizidi watu waligoma. Hiyo ni kazi yenye mafunzo na kanuni zake, kama ualimu. Stephen Rockel ameandika kitabu kizima mwaka 2006 kuonyesha hivyo. Sasa mtu akifundishwa kazi tangu utotoni, akailipwa, akasifiwa kwa ajili yake na akaolewa naye kwa sababu ya sifa hiyo, wewe unakuja kusema ni asili?

Na ushahidi wa kuua mjadala ni huu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baada ya hapo upagazi wa masafa marefu ukafa, watu wakaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge na kwingineko. Hiyo ni asili gani inayokufa treni ikipiga honi? Dhahabu haiachi kuwa dhahabu kwa sababu treni imefika.

Hapo kipimo cha Mill kimeshatoa jibu. Tofauti inaelezwa yote na sababu chache zinazojulikana: njia ya biashara, pembe za ndovu, msimu wa mvua, malezi. Hakuna kilichobaki cha kuitwa kiini.

Kuna zaidi. Mtu wa Usumbwa akishuka pwani na mzigo begani aliitwa Mnyamwezi kama wengine. Leo Wasumbwa wanahesabiwa kabila lao. Msiri, mfanyabiashara aliyetoka huku kwetu, alikwenda Katanga katikati ya karne ya 19 akajenga dola lake Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891. Watu wake kule wanaitwa Bayeke, jina linalohusishwa na chama cha wawindaji wa ndovu. Chama cha kazi kimegeuka kabila! Na Wamanyema wa Tabora na Ujiji? Ni watu wa asili nyingi tofauti kutoka Kongo, walioletwa au kuja na misafara, wengine wakiwa watumwa, wakawa jamii moja yenye jina moja hapa hapa njiani. Barabara ndiyo iliyozaa kabila. Na msisahau kwamba Mirambo, tunayemwita shujaa wa Wanyamwezi, vita vyake vikubwa alipigana na Unyanyembe, ambao nao tunawaita Wanyamwezi. Wangekuwa ni kitu kimoja kwa asili, mbona wao wenyewe hawakuwa na habari?

Sasa nani aliyetufungia kwenye masanduku? Wakoloni walichangia sana. Gavana Donald Cameron alikuja mwaka 1925, na Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926 ikaweka utawala wa kupitia machifu. Utawala huo ulihitaji kabila lenye mpaka, jina na mkuu mmoja, na pale lisipokuwepo lilitafutwa hadi likapatikana. Mwanahistoria John Iliffe alionyesha mwaka 1979 kwamba hata Waafrika wenyewe waliyajenga makabila ili waweze kuishi ndani ya mfumo ule. Kisha mwaka 1963 Tanganyika huru ikaufuta uchifu kwa sheria. Na sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake ilikuwa ya mwaka 1967. Kitu unachoweza kukifuta kwa sheria na kuacha kukihesabu kwa uamuzi wa serikali, si kitu cha jamii ya dhahabu. Na ile namba tunayokaririshwa, "makabila zaidi ya 120", inategemea nani alihesabu. Msukuma na Mnyamwezi ni wawili au mmoja? Msumbwa ndani au nje? Protoni za dhahabu hazina "zaidi ya".

Najua mtakayosema. Mtasema, "Lakini lugha ipo bwana, Kinyamwezi kipo." Kipo, nakiongea. Malcolm Guthrie alipoziorodhesha lugha za Kibantu aliweka Kisukuma F21, Kinyamwezi F22, Kisumbwa F23. Namba zinapendeza. Lakini ukitembea kijiji kwa kijiji kutoka upande wa Mwanza kuja Tabora, maneno yanabadilika kidogo kidogo, hukuti ukuta unaosema F21 imeishia hapa. Kisu cha Guthrie kilikuwa na manufaa kwa orodha yake. Mfupa ulikuwa mmoja mrefu.

Mtasema, "Damu je?" Richard Lewontin alipima jambo hili mwaka 1972 na kukuta kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu zinapatikana ndani ya jamii moja moja, siyo kati ya jamii na jamii. Yaani mimi na jirani yangu wa Kigwa tunaweza kutofautiana karibu kama mimi na mtu wa mbali kabisa. Na selimundu je? Inafuata malaria ilikotamba, ndiyo maana ipo Afrika, ipo India, ipo Arabuni, ipo hata Ugiriki. Haina kitambulisho cha kabila.

Sasa kuna kundi la pili, na hawa nawaona wanatabasamu wakidhani niko upande wao. Ni wale waliosoma kurasa mbili wakahitimisha kwamba kila kitu ni maneno tu, hata dhahabu, hata magonjwa. HAPANA. Na hapo napo wanaumiza watu. Wengi wetu tumekulia ambapo mtoto akishikwa na homa kali akarusha mikono na miguu, watu wanasema ni degedege, ugonjwa wa ndege au wa mashetani, usipelekwe hospitali, sindano itamuua. Kumbe mara nyingi ni malaria, na vimelea vya malaria vipo usiku kucha mwilini mwa mtoto, uviamini usiviamini. Ronald Ross alivikuta kwenye tumbo la mbu mwaka 1897, hakuvitunga. Kulitoa lile tatizo kwenye fungu la ndege na kuliweka kwenye fungu la vimelea kunaokoa maisha. Kwa hiyo mafungu mengine yana ukweli na uongo, na kosa lake linazikwa makaburini.

Msimamo wangu uko katikati na hauteteleki. Kabila lipo. Lipo kama noti ya elfu kumi ilivyo. Nani hapa atasema bumu si kitu cha kweli? Likichelewa tunalala njaa. Lakini noti ni pesa kwa sababu tumekubaliana, siyo kwa sababu ya kiini cha karatasi. Kabila nalo lina nguvu, lina mila, lina nyimbo na utani, na limetengenezwa na watu ndani ya historia. Ian Hacking, mwanafalsafa wa Kanada aliyefariki mwaka 2023, aliliandika vizuri tangu miaka ya 1980: ukiwagawa watu na kuwapa jina, jina linawarudia, wanaanza kuishi kulifuata au kulipinga, na wakishabadilika, jina nalo linabadilika. Ni mzunguko. Mgunga hauna mzunguko huo. Mtoto wa darasa la tano anao.

Ndiyo maana sikubali kuambiwa haya ni mambo madogo ya kwenye vimbweta. Tazameni majirani. Katika Rwanda na Burundi, Wabelgiji miaka ya 1930 waliwagawa watu kuwa Mhutu, Mtutsi na Mtwa kwenye orodha zao rasmi kana kwamba wanapanga mawe, na Rwanda ikaandika hayo kwenye vitambulisho. Watu wanaongea lugha moja, wanaishi kilima kimoja. Mwaka 1994 vitambulisho vile vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na aliyekuwa na neno lisilotakiwa hakuvuka. Neno lilelile, lililowekwa na karani kwenye karatasi, lilihesabiwa kuwa kiini cha mtu.

Na si mbali na hapa. Ulyankulu, mkoa huu huu wa Tabora, walipokelewa watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Watoto wakazaliwa pale, wakasoma pale, wakalima tumbaku pale, na bado waliitwa wakimbizi. Hawajawahi kukimbia chochote! Kisha serikali yetu ikatoa uraia kwa watu wapatao 162,000 wa kundi hilo la 1972, na vyeti vyao vilianza kugawiwa mwaka 2014. Asubuhi mkimbizi, jioni Mtanzania, na damu ni ileile. Mimi nasema ile ilikuwa kazi safi, na imetufundisha kuliko vitabu vingi: fungu tulilolitengeneza vibaya, tunaweza kulitengeneza upya. Dhahabu huwezi kuifanyia hivyo.

Basi ninachowaomba walimu wenzangu mnaokwenda kwenye mazoezi ni kidogo sana. Lile jedwali msilitupe, badilisheni safu ya kulia. Futeni "sifa za asili", andikeni: jina lilitoka wapi, nani alilitoa, lini, na watu walifanya kazi gani wakati huo na kwa nini. Kwa Wanyamwezi mtoto ataandika mwezi, pwani, pembe za ndovu, kiangazi, reli ya 1912. Atajifunza jiografia, historia na uchumi katika mstari mmoja. Na yule mtoto wa Kigwa aliyekaa dawati la nyuma hatatoka darasani akiamini alizaliwa na mzigo begani.

Nani anayebisha? Aje na hicho kiini cha kabila mkononi, tukiweke kwenye mizani pamoja na protoni 79 tuone. Asipokuwa nacho, aache kuandika "kwa asili" ubaoni mbele ya watoto wa watu.

Naomba kuwasilisha.